PAYE imepanda ghafla kwenye slipu ya mshahara? Namna ya kuhakiki na kudai marekebisho

Mshahara umeingia, lakini kilichobaki mkononi si kile ulichozoea. Unafungua slipu na kukuta mstari wa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, umeongezeka bila mtu yeyote kukuambia kitu. Mara nyingi kuna sababu halali. Mara nyingine ni kosa la aliyeandaa mishahara, na kosa la namna hiyo hujirudia kila mwezi hadi mwenye mshahara ahoji. Mwongozo huu ni kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, awe serikalini au sekta binafsi. Unahitaji slipu mbili, ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, kalamu, na kikokotoo cha simu.

Kwanza, hakikisha ni kodi kweli

Watu wengi huita kila kato "kodi". Weka slipu mbili sambamba na upite mstari kwa mstari. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF au PSSSF, si kodi. Bima ya afya si kodi, wala ada ya chama cha wafanyakazi. Kato la Bodi ya Mikopo, yaani HESLB, ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na huweza kuanza ghafla mara mwajiri anapoletewa jina lako. Likiwa ndilo lililokushtua, hoja yako ipeleke Bodi ya Mikopo, maana TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, haihusiki nalo.

Angalia pia kama kuna SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, au mchango wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwenye makato yako. Hizo zote mbili ni za mwajiri, anazilipa kutoka mfukoni mwake. Ukizikuta zimekatwa kwenye mshahara wako, hapo huna haja ya hesabu ndefu, dai zirudishwe.

Kokotoa mwenyewe

Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza kuliko nyingine zote. Ukienda kwa mhasibu na namba yako mkononi, mazungumzo huwa mafupi. Ukienda na malalamiko tu, utaambiwa "mfumo ndivyo unavyokata" na kurudi ulivyokwenda.

Chukua mshahara ghafi pamoja na posho zinazotozwa kodi. Toa kwanza mchango wako wa hifadhi ya jamii, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 kwa NSSF na asilimia 5 kwa PSSSF. Kinachobaki ndicho kinachotozwa, kwa viwango hivi vya mwezi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Tuseme unalipwa 900,000 kwenye kampuni. NSSF ni 90,000, inabaki 810,000. Kodi ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya 50,000, yaani 80,500. Slipu ikionyesha 103,000, basi mhasibu amekokotoa kodi juu ya 900,000 nzima bila kutoa NSSF kwanza. Hilo ni kosa, na linakugharimu 22,500 kila mwezi.

Kama hesabu hazilingani, tafuta chanzo

Mshahara ukipanda, kodi hupanda nao, na hupanda kwa kasi kubwa zaidi. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipotoka 370,000 kwenda 500,000 Julai 2025, mtumishi aliyekuwa anakatwa PAYE ya 6,520 alianza kukatwa 16,400. Kato zaidi ya mara mbili linaweza kukushtua, lakini hesabu ni sahihi.

Kwa aliyebadilisha kazi, angalia kama PAYE yako ni asilimia 30 kamili ya kipato chote kinachotozwa, bila ile 270,000 ya mwanzo kusamehewa. Ikiwa hivyo, mwajiri mpya amekuandikisha kama mtu mwenye ajira ya pili. Viwango vya ngazi hutumika kwenye ajira kuu peke yake, na ajira ya pili hukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Mwandikie mwajiri kwamba kwake ndiko ajira yako kuu na ya pekee, ambatisha barua ya kuacha kazi kule ulikotoka. Ila kama kweli una waajiri wawili, kato hilo ni halali kwa mmoja wao.

Posho nazo zina mambo yake. Kwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake inategemea ruzuku ya Serikali, Sheria ya Kodi ya Mapato haitozi posho za nyumba, usafiri, madaraka, mazingira magumu wala ya muda wa ziada. Kwa hiyo ukipandishwa cheo na posho ya madaraka ikaingizwa kwenye kipato kinachotozwa, una hoja. Mfanyakazi wa kampuni binafsi hana msamaha huo. Posho yake ya nyumba inatozwa, na hata nyumba au gari la ofisi analotumia kwa mambo yake binafsi lina thamani inayoongezwa kwenye kipato chake. Gari jipya la kazi linaweza kupandisha PAYE yako ingawa mshahara haukuguswa.

Malimbikizo yanastahili hesabu ya peke yake

Mfano huo huo: ulikuwa 900,000, ukapandishwa hadi 1,000,000 kuanzia Januari, lakini nyongeza ikachelewa. Julai unalipwa mshahara mpya pamoja na malimbikizo ya miezi sita, 600,000. Jumla ni 1,600,000. Ukitoa NSSF ya 160,000 inabaki 1,440,000, na PAYE inakuwa 260,000.

Malimbikizo yangelipwa kila mwezi kwa wakati wake, kila mwezi ungekatwa 103,000, kwa mwaka mzima 1,236,000. Sasa jumlisha kilichotokea kweli: miezi sita ya 80,500, Julai 260,000, na miezi mitano ya 103,000. Inakuja 1,258,000. Umelipa 22,000 zaidi kwa sababu tu mwajiri alichelewa, na kuchelewa huko kukakusukuma kwenye ngazi ya asilimia 30 kwa mwezi mmoja.

Hapa una la kusimamia. Viwango vya sheria vimewekwa kwa mwaka, na jedwali la mwezi ni mgawanyo wake kwa 12. Kipato kisichozidi 3,240,000 kwa mwaka hakitozwi, na 3,240,000 ni ile 270,000 mara 12. Mwaka wa mapato unaanza Januari na kuishia Desemba. Mwombe mhasibu apitie upya kodi yako kwa jumla ya mwaka, na umwombe mapema, kabla mishahara ya Desemba haijafungwa, ili ziada ipunguzwe kwenye miezi iliyobaki. Malimbikizo ya mwaka uliopita ni magumu zaidi kurekebisha kwa njia hii.

Andika barua

Kauli ya mdomo inasahaulika. Anza kwa mhasibu wa mishahara au ofisi ya rasilimali watu. Serikalini pitia kwa afisa utumishi wako. Barua isizidi ukurasa mmoja, iwe na jina, namba ya utumishi, mwezi unaohusika, kiasi kilichokatwa, kiasi unachoona ni sahihi na hesabu yake. Kwa mfano:

"Yah: Maombi ya marekebisho ya PAYE, mwezi wa Machi. Katika mshahara wa mwezi tajwa nimekatwa PAYE ya shilingi 103,000. Kwa hesabu niliyoambatisha, baada ya kutoa mchango wa NSSF wa shilingi 90,000, kodi stahiki ni shilingi 80,500. Naomba kupatiwa mchanganuo wa kato hilo, na endapo kuna kosa, shilingi 22,500 zilizozidi zirejeshwe kwenye mshahara unaofuata. Naambatisha nakala za slipu za Februari na Machi."

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ukae nayo. Kama ni barua pepe, usiifute. Omba mchanganuo hata kama una uhakika na hesabu yako, kwa kuwa huenda kuna kipato kilichoingizwa usichokijua.

Fanya haya ndani ya mwezi huo huo. Mwajiri anatakiwa kupeleka PAYE kwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kosa likigundulika kabla ya hapo, anarekebisha orodha yake bila usumbufu. Likigundulika baadaye, bado linarekebishika, ila mlolongo unakuwa mrefu.

Mwajiri akikataa au akikaa kimya

Kama una chama cha wafanyakazi, mwone kiongozi wa tawi. Vyama kama CWT, TUGHE na TUICO vimezoea masuala ya mishahara, na barua ya chama hujibiwa haraka kuliko ya mtu mmoja.

Kinachofuata ni ofisi ya TRA ya eneo lako. Nenda na namba yako ya mlipakodi, TIN, ambayo kuipata ni bure. Chukua slipu za mwaka mzima, taarifa ya benki inayoonyesha mishahara iliyoingia, mkataba wa ajira, barua uliyomwandikia mwajiri na majibu yake kama yapo. Waombe walinganishe kato lako na kilichowasilishwa na mwajiri. Kama fedha imefika na imezidi, andika maombi ya kurejeshewa kodi iliyolipwa zaidi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi. Maombi hayo yana ukomo wa muda, usiyaahirishe. Kwa maoni yangu njia hii ni ya kutumia pale ya mwajiri iliposhindikana, kwa sababu uhakiki wake huchukua muda.

Ikionekana mwajiri alikata lakini hakupeleka, au alikata kitu kisicho kodi kwa jina la kodi, suala linakuwa pia la kazi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza makato yasiyoruhusiwa na sheria wala kukubaliwa na mfanyakazi kwa maandishi. Mfanyakazi wa sekta binafsi hupeleka mgogoro huo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Nakala ya fomu unamkabidhi mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea unauwasilisha Tume pamoja na fomu yenyewe.

Ukikubaliwa marekebisho, slipu inayofuata ikague kwa makini. Kiasi kilichozidi kinatakiwa kuonekana kama pungufu kwenye mstari wa PAYE au kama mstari wake wa marejesho. Kikiingizwa kwenye posho kitatozwa kodi mara ya pili, na utalazimika kuandika barua nyingine.