Jinsi ya kupima nafasi yako kwenye vyuo vikali vya uhandisi Marekani

Watu wanauliza "nina GPA 3.9 na SAT 1510, nitapata?" (GPA ni wastani wa alama za sekondari, SAT ni mtihani wa kuombea chuo, mwisho 1600, hesabu ikiwa 800 kati ya hizo) alafu hawasemi wanaomba chuo gani, kozi gani, wala wanatokea jimbo gani, sasa hapo hata mganga hawezi kukujibu. Anza na mlango unaopitia, yaani chuo, kozi na unakotokea, alama baadae.

Maana ile asilimia ya waombaji wanaochukuliwa na chuo kizima inadanganya sana. Pale University of Illinois Urbana-Champaign, anaeomba sayansi ya kompyuta anakutana na mchujo mkali kuliko huo wa chuo kwa ujumla, mbali kabisa. Berkeley (moja ya vyuo vya University of California) nako uhandisi wanachagua watu kwa kozi, so usije na ile janja ya "naingia na kitu chepesi alafu nahamia EECS" (uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta), kuhama huko ni shughuli pevu. Purdue wao wanakuingiza uhandisi mwaka wa kwanza kwa pamoja, fani unapata baada ya hapo na alama zako za huo mwaka zinahesabika. Na chuo cha serikali kama Georgia Tech, mtoto wa jimbo hilohilo ana nafasi kubwa kuliko wewe wa nje, na tofauti sio ndogo.

Ukishajua mlango, tafuta faili linaitwa Common Data Set la hicho chuo, ni takwimu chuo chenyewe kinazozitoa. Nenda sehemu ya C7, wanaandika wenyewe kipi wanakipa uzito na kipi hawakiangalii. Alafu C9 utaona SAT za walioingia, na hapo angalia hesabu peke yake, achana na jumla. 1510 yenye hesabu 800 sio sawa na 1510 yenye hesabu 730, hiyo ya pili pale MIT inakuweka kwenye robo ya mwisho kabisa. Ila ukiwa na 800 usishangilie pia, wenzako kibao wanayo. University of California ndo hawaangalii SAT kabisa, na GPA wanaikokotoa upya wenyewe kwa masomo ya darasa la 10 na la 11. MIT walirudisha ulazima wa SAT au ACT (mtihani mwingine kama SAT) mwaka 2022, Caltech wakafuata 2024, kwa hiyo ushauri wa kaka yako aliyeomba kipindi cha korona usiutegemee.

Masomo yenyewe sasa. Hawakulinganishi na mtu wa shule nyingine yenye AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari) kumi na nne, wanaangalia shule yako ilikuwa na nini na wewe ukachukua nini. Kama kalkulasi na fizikia zilikuwepo ukazikwepa ili GPA ing'are, wataona tu. Na B ya fizikia inauma kuliko B ya historia, ukiomba uhandisi.

Kwenye vitu vya nje ya darasa watu wanajaza vyeo. "Kapteni wa klabu ya roboti", sawa, makapteni wapo maelfu. Jaribu kuandika kwamba mkono wa roboti ulikuwa unatetemeka ukibeba mzigo, ukabadilisha gia, ukaandika upya kodi ya mota, mtetemo ukapungua. Kama huwezi kuandika sentensi ya namna hiyo kuhusu kitu chako chochote, jipunguzie maksi mwenyewe hapo.

Mwisho panga listi: ndoto, za saizi yako, za uhakika. MIT wanachukua chini ya asilimia 5, hiyo ni ndoto kwa kila mtu hata awe na nini. Na vyuo kumi vya asilimia 5 havikupi 50, hata kihesabu ni kama 40, na hiyo ni kama kila chuo kingekuwa bahati nasibu yake, wakati udhaifu uliopo kwenye fomu yako unaenda kote kumi.

Kwa anaeomba kutoka nje ya Marekani kuna hela pia. MIT hawaangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kuchagua, hata kwa wageni, ila vyuo vingi kwa wageni wanaangalia, na University of California usitegemee msaada kabisa. Chuo cha uhakika usichoweza kukilipia kitoe kwenye listi leo.