Namna ya Kumshukuru Mungu Kabla Jibu la Maombi Halijaonekana

Lazaro alikuwa amekaa kaburini siku nne, na Martha dada yake alikuwa ameshaonya kwamba ananuka, Yesu alipoinua macho yake akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Jiwe lilikuwa limeondolewa, lakini maiti ilikuwa bado imelala ndani. Yohana anayaandika maneno hayo katika sura ya 11, mistari sita tu baada ya kutueleza kwamba Yesu alilia machozi. Ninaanza hapo kwa sababu mtu anayetaka kushukuru kabla ya kujibiwa anahitaji kuelewa mapema mambo mawili: Yesu hakungoja machozi yamkauke ndipo ashukuru, na jambo alilolishukuru kwanza lilikuwa kwamba Baba amemsikia.

Jambo hilo la pili ndilo linalopotea mara nyingi tunapofundishana "kushukuru kwa imani". Mwombaji huambiwa aseme kwamba ameshapona wakati homa bado inamwunguza, au kwamba deni limeshalipwa ilhali halijalipwa, na dhamiri yake humsumbua kwa kuwa anajua anasema lisilokuwapo. Shukrani ya kweli haihitaji uongo. Ndani ya kungoja kwenyewe kuna mambo yaliyo kweli leo, na kazi yako ni kuyatafuta, kuyataja na kumshukuru Mungu kwa hayo.

Hata hivyo, usiiruke haja yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba imani kubwa haiombi tena, bali hushukuru tu, lakini Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, aliyaweka yote mahali pamoja: "kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Kwa hiyo chukua daftari, andika haja yako kwa sentensi moja iliyo wazi, kisha iseme mbele za Mungu bila kuipamba. Hana, mwanamke tasa aliyeomba mtoto katika 1 Samweli 1, aliimimina roho yake mbele za Bwana kwa uchungu mwingi hata kuhani Eli akadhani amelewa. Baada ya kuomba hivyo na kupewa neno la amani, alikwenda zake akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena, na asubuhi yake aliabudu, naye alikuwa hajachukua mimba bado. Nadhani asingeufikia utulivu ule kama angekuwa ameuficha uchungu wake.

Ukishaiandika haja, andika chini yake misingi ya shukrani, na hapa usiharakishe, maana ndipo penye kazi kubwa. Mfalme Yehoshafati, alipojiwa na majeshi ya Moabu na Amoni, alianza maombi yake kwa kutaja Mungu ni nani, akaendelea kwa kukumbuka alivyowapa uzao wa Ibrahimu nchi ile, kisha akakiri waziwazi, "wala hatujui tufanyeje, lakini macho yetu yatazama kwako." Kesho yake, baada ya Yahazieli, Mlawi, kuwaletea neno la Bwana, waimbaji waliwekwa watangulie mbele ya jeshi. Yaangalie maneno waliyoimba katika 2 Mambo ya Nyakati 20:21: "Mshukuruni Bwana, kwa maana fadhili zake ni za milele." Wimbo ule haukuitaja vita kabisa. Walikuwa wamepewa ahadi mahsusi ya ushindi, na bado walichagua maneno ambayo yalikuwa kweli kabla hawajapiga hatua ya kwanza kutoka Yerusalemu. Sisi ambao mara nyingi hatujapewa ahadi mahsusi kuhusu kazi fulani au mtoto fulani, tuna sababu kubwa zaidi ya kujenga shukrani yetu juu ya tabia ya Mungu.

Fuata mpangilio huo huo. Taja sifa moja ya Mungu inayogusa haja yako: anayeomba hekima amshukuru Mungu awapaye wote kwa ukarimu, na aliyefiwa amshukuru aliye karibu na waliovunjika moyo. Kisha kumbuka tendo moja alilokutendea zamani, ukilitaja kwa undani wake, kwa kuwa "asante kwa yote" husahaulika mara tu unapoinuka kutoka magotini. Mwisho tafuta kitu kilichopo sasa hivi, hata kama ni kidogo, kama vile rafiki anayekuombea au usiku mmoja uliolala vizuri. Yesu alishukuru juu ya mikate mitano mbele ya wanaume wapatao elfu tano, na ilikuwa bado ni mitano.

Maneno yenyewe yawe mepesi. Mgonjwa anaweza kusema hivi: "Baba, nakuomba uniponye. Nakushukuru kwa kuwa unanisikia sasa, na kwa kuwa hukuniacha katika ugonjwa ule wa kwanza. Nakushukuru kwa wanaonihudumia. Nakushukuru pia kwa namna utakavyonijibu, ingawa siijui." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na usipoweza kuisema leo kwa moyo mweupe, iache mpaka utakapoweza.

Kuhusu wakati, inafaa kuwa na saa maalumu. Danieli alipojua kwamba amri iliyokataza kumwomba yeyote ila mfalme imetiwa sahihi, aliingia nyumbani mwake, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali na kushukuru kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Mazoea yale yalimsaidia siku ya hatari, siku ambayo huenda hisia zake peke yake zisingempa neno la kusema.

Lakini zipo siku ambazo moyo hukataa kabisa. Siku hizo soma Zaburi ya 13, ambayo ina mistari sita tu. Mwimbaji anauliza "hata lini" mara nne kabla hajaomba chochote, na ni mwishoni tu anapofika kwenye kuimba kwa ajili ya ukarimu wa Bwana. Nawe pitia njia hiyo hiyo: lalamika kwanza, omba, ndipo ushukuru kwa sentensi moja. Ikikupasa kulala ukiwa umefika kwenye malalamiko tu, kesho utaendelea. Wala usijilazimishe kuyaita mabaya mema. Katika 1 Wathesalonike 5:18, pale tunaposoma "shukuruni kwa kila jambo", Kigiriki kinasema "katika kila jambo"; hatuagizwi hapo kuushukuru ugonjwa wenyewe wala kifo, bali kumshukuru Mungu tukiwa ndani ya hali hizo.

Yako mambo ya kujihadhari nayo, na nayasema kwa uzito kwa sababu yameumiza watu. Usiache dawa wala matibabu ili kuthibitisha kwamba umeshukuru kwa imani. Usitoe ushuhuda wa kupokea kitu ambacho hujakipokea. Unaweza kushuhudia amani uliyopewa katika kungoja, na huo ni ushuhuda kamili. Wala sadaka ya shukrani isigeuzwe kuwa bei ya muujiza, hata akisisitiza nani. Katika Wafilipi 4:7, kinachofuata baada ya kuomba na kushukuru ni amani ya Mungu ipitayo akili zote, itakayoihifadhi mioyo yetu. Paulo hakusema kwamba shukrani itaharakisha jibu au kumlazimisha Mungu kulitoa.

Ndiyo maana shukrani hii lazima iweze kubeba hata jibu tusilolitaka. Shadraki, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Nebukadneza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru ya moto, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," hawataitumikia miungu yake. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini, taabu iliyomsumbua, umtoke, naye akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Ukijibiwa hivyo, rudi kwenye daftari usome misingi uliyoiandika. Haja yako haikutimia kama ulivyotaka, lakini tabia ya Mungu uliyoishukuru haijabadilika, na unaweza kuanzia hapo hata kama unaanza kwa kulia.

Na jibu likija kama ulivyoomba, usidhani kwamba umeshamaliza kushukuru kwa kuwa ulitanguliza. Wenye ukoma kumi walitakasika wakiwa njiani, katika Luka 17, na ni mmoja tu, Msamaria, aliyerudi kwa Yesu. Hana naye alirudi Shilo, mahali alipoombea, na mtoto mkononi, na wimbo wake mrefu ukafuata. Kwa sababu hiyo, chini ya kila haja unayoiandika acha nafasi ya mistari michache, na siku utakapojibiwa ujaze hapo jibu na tarehe yake kabla hujaandika haja nyingine.