Kutunza Cochliostema: Hewa ya Mizizi Kwanza, Maji Baadaye

Cochliostema ni mmea wa maua wa jamii ya Commelinaceae, ile ile yenye magugu ya Commelina yanayotambaa mashambani na kuota upya hata ukiyang'oa na kuyatupa pembeni. Undugu huo huwaponza wakulima wengi wa maua. Wanadhani mmea huu nao ni wa kuchomeka udongoni na kumwagilia, basi. Baada ya muda majani ya chini yanageuka njano, shina linalainika, na ukiuvuta mmea unang'oka mkononi bila mizizi. Hapo hakuna ugonjwa wa ajabu. Mizizi imekosa hewa ikaoza.

Jenasi hii, yaani kundi la mimea ya karibu sana, ina spishi (aina) mbili tu. Inayopandwa zaidi ni Cochliostema odoratissimum, inayoota kuanzia Nikaragua, kupitia Kostarika na Panama, hadi Kolombia na Ekuador. Ya pili, Cochliostema velutinum, ni ya Kolombia, na majani yake yana manyoya laini kama mahameli. Makazi yao ni misitu ya joto yenye mvua nyingi. Katika eneo la Chocó, magharibi mwa Kolombia, ziko sehemu zinazopata zaidi ya milimita 8,000 za mvua kwa mwaka. Huko mmea hujishikiza kwenye matawi ya miti bila kuunyonya mti. Majani yake marefu, yanayoweza kukaribia mita moja, hupangika kwa duara, na vitako vyake vilivyobanana hukusanya maji na majani makavu yanayodondoka kutoka juu. Takataka hizo zikioza zinakuwa chakula chake.

Kwa hiyo usishangae kwamba mmea wa msitu wenye mvua nyingi hivyo unaweza kufa kwa maji ndani ya chungu. Mvua ya msituni huupiga na kupita, na upepo haukatiki juu ya tawi. Chungu chenye udongo wa mfinyanzi kinayashika maji palepale. Tumia mchanganyiko mwepesi: vipande vya magome ya miti, chenga za makumbi ya nazi zilizooshwa chumvi, makaa ya kuni yaliyovunjwavunjwa, na mboji kidogo ya majani. Kipimo kizuri ni hiki: mwagilia chungu hadi maji yatiririke chini, kisha uchote mchanganyiko kiganjani na kuufinya. Ukishikamana kama tope, ongeza magome. Chungu kiwe kipana kuliko kirefu, kwa kuwa mmea una uzito mkubwa juu na huanguka kwa urahisi, na kiwe na matundu mengi. Kikapu cha mbao cha kuning'iniza nacho kinafaa sana, ilimradi kamba ziwe imara.

Mwanga uwe mwingi lakini uliochujwa. Jua kali la mchana huacha mabaka meupe yanayokauka, na jani lililoungua halirudi hali yake. Kwenye kivuli kizito nako mmea utakua majani tu bila kutoa ua. Joto lisishuke chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, na hewa iwe na unyevu. Kwenye kitalu nyumba, lowesha sakafu na acha mlango au dirisha la juu wazi ili hewa izunguke. Unyevu usio na mzunguko wa hewa hukaribisha fangasi.

Mwagilia pale uso wa mchanganyiko unapoanza kukauka. Maji ya mvua ndiyo bora. Yenye chumvi nyingi hukausha ncha za majani. Je, maji yajazwe kwenye vitako vya majani? Wakati wa joto si vibaya yakikaa kidogo, mradi uyabadilishe kwa maji safi kila unapomwagilia. Hali ya hewa ikiwa ya baridi, paache pakavu kabisa, maana maji yaliyotuama na yaliyopoa huozesha moyo wa mmea. Mbolea ya maji yenye virutubisho vyote inatosha kila baada ya wiki mbili au tatu wakati mmea unakua, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au chini ya hapo.

Kagua mara kwa mara kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na shina. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, hupenda kujificha humo, na ukichelewa utawaona wakati wamekwisha kujaa. Wafute kwa pamba yenye spiriti au maji ya sabuni laini. Vaa glavu unapokata majani: mimea ya jamii hii ina fuwele ndogo kama sindano ndani ya utomvu, na baadhi ya watu huwashwa ngozi.

Maua hutokea kwenye makwapa hayo hayo, rangi ya buluu na zambarau, yenye harufu nzuri. Petali zake tatu zina nyuzinyuzi pembeni, jambo la kupendeza sana ukilitazama kwa karibu. Ua moja halidumu, lakini shada lina maua mengi yanayofunguka kwa zamu. Ukitaka mbegu, chavusha kwa mkono asubuhi ua likiwa bichi. Chavua, yaani ungaunga wa ua, haionekani kwa nje kwa sababu stameni (sehemu za kiume za ua) zimefunikwa na kifuniko kinachofanana na kofia. Inua kifuniko hicho taratibu kwa kijiti chembamba, chukua chavua kwa brashi ndogo, uipake kwenye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua. Ukiwa na mimea miwili iliyotoa maua, peleka chavua ya mmoja kwa mwingine. Tunda likianza kupasuka, vuna mbegu na uzipande mara moja juu ya mchanganyiko uliochekechwa, bila kuzifukia sana, mahali penye joto na unyevu.

Kama unanunua, uliza mmea umetoka wapi na uchague uliooteshwa kitaluni kutokana na mbegu. Misitu ya magharibi mwa Ekuador imekwisha kukatwa kwa kiasi kikubwa, na kila mmea unaobanduliwa mtini unapunguza kilichobaki. Tena ule wa porini hufika na mizizi iliyokatika, na ni vigumu sana kuufanya ushike upya.