Chumba cha uyoga: anza na joto, kisha hewa, maji yaje mwisho

Uyoga mamama unaooteshwa kwenye mifuko ukigoma kutoa vichwa, wengi hukimbilia kunyunyiza maji. Mara nyingi maji siyo tatizo. Joto, hewa na unyevu vinavutana. Ukigusa kimoja, vingine navyo vinahama. Kwa hiyo nenda kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Hakiki haigromita yako (kipima unyevu wa hewa)

Usiiamini kabla hujaijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka ilowe vizuri bila kuyeyuka yote. Ifunge pamoja na haigromita kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Ikisoma 81, inazidisha 6. Iandike hiyo 6 mgongoni mwake kwa wino. Kisha itundike usawa wa mifuko, mbali na mlango.

Hatua ya 2: Joto

Utando mweupe, yaani nyuzi za uyoga zinazotangulia vichwa, ukiwa bado unatambaa mfukoni, nyuzijoto 24 hadi 28 zinafaa aina nyingi za ukanda wa joto. Aina nyingine hutaka baridi zaidi, hasa wakati wa kutoa vichwa, kwa hiyo muulize aliyekuuzia mbegu. Chomeka kipimajoto katikati ya mifuko, kwa sababu utando wenyewe huzalisha joto, na mifuko iliyobanana huwa na joto kuliko hewa ya chumbani. Itenganishe kwa upana wa kiganja.

Hatua ya 3: Hewa

Hapa ndipo mavuno mengi yanapopotea. Utando hauhitaji hewa nyingi, lakini vichwa vikianza kuchomoza, hewa ukaa ikijaa chumbani utaona mashina marefu membamba yenye kofia ndogo. Ukiona hivyo, ongeza hewa safi, usiongeze maji. Toboa tundu la kuingizia hewa upande mmoja na la kutolea upande wa pili, yote uyawekee neti ya kuzuia nzi. Halafu washa kijiti cha udi katikati ya rafu. Moshi ukipanda wima bila kuyumba, hewa imelala. Ukikatikakatika na kukimbia, upepo una nguvu mno na utakausha vichwa vichanga. Unachotaka ni moshi unaopinda na kuondoka taratibu.

Hatua ya 4: Maji

Sasa lenga unyevu wa asilimia 85 hadi 90. Lowesha sakafu na kuta, na ukungu wa bomba la kunyunyizia uelekeze juu, usiupige kwenye kofia. Maji yakikaa juu ya kofia kwa saa kadhaa, bakteria huacha madoa ya manjano yanayonata. Kingo zikipasuka, hewa ni kavu.

Kumbuka pia kwamba hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 90, ikipanda hadi nyuzijoto 26 bila kuongezewa maji, hushuka hadi asilimia 64 hivi. Kwa hiyo mchana nyunyiza kidogo kidogo mara nyingi. Jioni acha mapema, maana joto likishuka usiku unyevu hupanda wenyewe na matone huanza kudondoka.

Hatua ya 5: Kuvuna

Vuna kabla kingo za kofia hazijajikunja juu. Ukichelewa, chumba hujaa vumbi la mbegu za uyoga, na ukilivuta kila siku mapafu yanaumia. Vaa barakoa nzuri, na ufungue matundu yote kabla hujaingia.