Mkirekodi piano na rafiki wa zamani, tafuteni sikio la tatu

Kama wewe na rafiki yako wa miaka mingi mnapanga kurekodi albamu ya piano ya muziki wa klasiki, kabla ya yote tafuteni mtu wa tatu anayesoma nota. Watu waliozoeana huoneana haya. Mmoja anasikia mwenzake amekosea, ananyamaza. Au wote wawili wamenogewa, wasisikie kwamba pedali ilichelewa kuachiliwa na sauti zikachanganyika. Huyo wa tatu akae chumba kingine, hedifoni masikioni na penseli mkononi, aandike juu ya nota ni mara ipi kila mstari ulitoka safi. Uhariri utakuwa mwepesi, na urafiki wenu hautaguswa.

Pigeni kipande kizima mara mbili tatu kwanza, ndipo mrudie sehemu ndogondogo. Mnaporudia, anzeni kabla ya kosa na mpitilize, kwa mwendo uleule. Mwangwi wa noti zilizotangulia lazima uwemo, la sivyo mahali marudio yalipounganishwa patasikika, hata mhariri awe hodari vipi.

Piano kubwa ina nyuzi zaidi ya 200, na joto na unyevu vikibadilika, sauti zake huachana. Kwa hiyo fundi wa kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, awe karibu siku zote za kurekodi, si asubuhi ya kwanza tu. Benchi likilia, badilisheni. Na kabla ya kufungasha vifaa, rekodini ukimya wa chumba kwa sekunde 30. Mhariri atauhitaji kati ya kipande na kipande.