Kuchora ramani ya samaki wa maji baridi: mfano wa ngege

Ukimchorea ndege duara kwenye ramani kuonyesha anakoishi, huenda usikosee sana. Samaki havuki kilima kwenda bonde la pili, kwa hiyo ramani yake hufuata vijibonde vya mito, yaani maeneo madogo ambayo maji yake hutiririkia njia moja. Tumchukue ngege, Oreochromis esculentus, wa asili wa maziwa ya Victoria na Kyoga, ambaye katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, yuko kundi la hatari kubwa kabisa ya kutoweka (CR).

Pakua HydroBASINS (ramani za kidijitali za mabonde ya mito) ya Afrika, ngazi ya 8 (ngazi ikipanda, vijibonde huwa vidogo zaidi), toleo lenye maziwa, uifungue kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani. Vyote ni bure. Toleo lisilo na maziwa huunganisha ziwa na vilima vinavyolizunguka, na samaki wa ziwani anaonekana kuishi mashambani.

Kusanya rekodi za mahali samaki alipopatikana kutoka GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya viumbe), makumbusho na ripoti za utafiti wa uvuvi. Kila mstari uwe na jina la kisayansi, latitudo, longitudo, mwaka na jina la aliyemtambua samaki. Kisha safisha. Mwanza iko latitudo −2.5, ukisahau alama ya kutoa, samaki wako anaangukia karibu na Lira, Uganda. Vipimo vilivyosomwa kwenye ramani za zamani zenye mfumo wa vipimo wa Arc 1960 vibadilishe kuwa WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, maana tofauti ni kama mita 300, na karibu na kigawamaji (mwinuko unaotenganisha mabonde) hizo zinatosha kumtupa samaki kwenye bonde jingine.

Kazi ngumu ni majina. Upande wa Kenya, ngege sokoni ni perege yeyote, na mara nyingi ni sato, Oreochromis niloticus, aliyeletwa Ziwa Victoria katika karne ya 20. Rekodi yenye jina la kienyeji peke yake usiipokee. Tandaza mkia wa samaki kwa vidole uupige picha: sato ana mistari wima iliyopangika kwenye pezi la mkia, ngege hana. Ila hawa wawili huzaliana, na chotara humdanganya hata mtaalamu. Kata kipande kidogo cha pezi, kihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa kipimo cha vinasaba, na andika namba ileile kwenye chupa na kwenye picha. Picha isiyo na namba haina kazi.

Sasa chagua vijibonde vyenye pointi za rekodi zako, uvipe misimbo ya IUCN. Uwepo: 1 yupo, 3 huenda yupo, 4 huenda ametoweka, 5 ametoweka. Asili: 1 wa asili, 3 aliletwa na watu. Ngege wa Ziwa Kanyaboli, Siaya, anapata 1 na 1. Wa bonde la Pangani, alikopandikizwa, anapata asili 3. Umpake rangi nyingine na usimhesabu unapopanga maeneo ya kuhifadhi. Msimbo wa 4 usiutumie kwa sababu tu rekodi ni ya zamani: lazima awe ametafutwa kwa nyavu zinazofaa asipatikane.

Jumla ya eneo la vijibonde isigeuzwe kuwa eneo linalokaliwa na spishi. Hilo hupimwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2. Kanyaboli ni kama kilomita za mraba 10, ilhali kijibonde cha ngazi ya 8 hufika mamia. Ziwa dogo likiwa halijatengwa na kijibonde chake kwenye ramani, lichore kwa mkono.

Kujua cha kulinda, panda juu ya mto. Chukua HYBAS_ID (namba ya utambulisho) ya kijibonde chenye samaki, tafuta vyote vilivyoandikwa namba hiyo kwenye safu ya NEXT_DOWN, inayotaja kijibonde kinachofuata chini ya mto, kisha fanya hivyohivyo kwa kila kimoja mpaka vilele viishe. Sumu na udongo wa huko juu ndivyo vitakavyomfikia samaki. Lakini mabonde haya yamechorwa kwa data za mwinuko, hayajui tuta wala mfereji, na kinamasi cha Yala, iliko Kanyaboli, kina vyote viwili. Kabla ya kuweka mpaka, nenda na wavuvi wakuonyeshe maji yanaingia wapi, masika na kiangazi.