Nati za chesisi kabla ya kufunga chuma cha kuvutia tela

Ukifunga mwenyewe chuma cha kuvutia tela, jioni ya kuamkia kazi puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zilizochomelewa ndani ya chesisi ya gari. Asubuhi sugua nyuzi za nati kwa brashi ya waya, ufute zikauke. Bolti iingie kwa vidole mizunguko mitano hivi. Ikigoma usiilazimishe kwa spana, maana nati ikibanduka humo ndani utakata chesisi kuifikia.

Bamba la chuma cha kuvutia linapolalia chesisi, kwangua lami yote ya kuzuia kutu mpaka uone rangi. Lami hubonyea taratibu, na bolti uliyoikaza barabara inalegea. Shikiza bolti zote kwanza, ndipo ukaze kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Pima tena baada ya safari ya kwanza na tela.